Nenda Kashtaki

Mimi na Mastura hatupendani. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nasimulia habari za majirani wema. Tuna ua mmoja wa miti uliooza, mfereji mmoja wa maji, na chuki moja tuliyoilea pamoja vizuri sana tangu siku alipohamia hapa kijijini Ters-Aryk, Kirgizia.

Alikuja majira ya baridi, Tajikistan ilipokuwa inaungua kwa vita. Alitoka Jerge-Tal, ng'ambo ya milima, juu ya lori la vitunguu, na mume anayekohoa na bonge la blanketi. Wakirgizi kama sisi, ila matamshi yao yalikuwa ya kule, na njaa yao ilikuwa ya kila mahali. Mtaa uliwapokea. Nyumba ya marehemu Kalbübü ilikuwa tupu. Wanaume wakaziba paa, wanawake wakaleta unga, mafuta na magodoro. Hata mimi nilipeleka viazi nusu gunia, kwa sababu mimi si shetani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu tukampa jembe, na theluji ilipoyeyuka tu akalitumia kufungua maji ya zamu yangu.

Asiyejua mfereji hawezi kuelewa. Maji yanashuka kutoka mlimani, yanapita kwa kila nyumba kwa zamu, na kila shamba lina kilango cha bati. Shamba la Mastura liko juu, langu liko chini yake. Akiinua bati lake, kabichi zangu zinakunywa vumbi. Mimi nikapanda juu nikalishusha, yeye akaja akaliinua, mimi nikalipiga teke mpaka likapinda, na hapo ndipo ujirani wetu ulipoanza rasmi.

Mumewe alikufa mapema. Pasipoti yake Mastura ilikuwa nyekundu, ya Usovieti, yaani ya nchi iliyokufa kabla hata ya huyo mume. Karatasi nyingine hakuwa nayo. Watu wengi waliokuja naye walifanikiwa kuandikishwa, wengine wakahama, yeye akabaki katikati kama mfupa kooni: kila ofisi ilimtuma ofisi nyingine. Hakupata pensheni, hakupiga kura, na hospitalini alitibiwa kwa kubembeleza. Lakini hayo yote aliyavumilia. Jambo moja ndilo lililomla.

Mama yake alikuwa hai kule Jerge-Tal. Mzee sana, macho hayaoni tena. Mastura angeweza kuvuka mpaka kwenda kumwona, wapo watu wa kukuvusha. Kurudi ndiyo ilikuwa shida. Asiye na pasipoti akishatoka, basi tena. Na huku ndiko kwenye nyumba yake, na kaburi la mumewe. Kwa hiyo kila Ijumaa alipiga simu. Simu kijijini kwetu inashika mahali pachache, na nyumbani kwake inashika pembeni mwa ua tu, chini ya mtofaa wangu. Mimi huwa nipo pale. Ni mtofaa wangu, nikae wapi?

"Unakuja lini?" mama mtu anauliza, kwa sauti ya kiziwi, dunia nzima inamsikia.

"Nikipata karatasi, mama."

Kisha Mastura anakata simu, anafuta uso kwa kilemba, ananiona, na ananitukana kwamba nampelelezea. Mimi nami namjibu. Jibu langu nililolipenda kuliko yote lilikuwa: "Nenda kashtaki!" Kwa sababu baraza la kijiji halipokei mashtaka ya maji kutoka kwa mtu asiye na pasipoti. Alijua hilo, na mimi nilijua kwamba anajua. Msinitazame hivyo. Ugomvi si harusi, hauchagui maneno mazuri.

Basi mwaka juzi, mwishoni mwa kiangazi, akaja kijana mmoja mwanasheria, jina lake Nurdin, mwembamba, na begi kubwa kuliko mgongo wake. Chama chao kilikuwa kinazunguka vijijini kuwasaidia watu wasio na uraia. Akakaa kwa Mastura, akanywa chai, akamweleza kwamba sheria inamruhusu kuwa raia, mradi ithibitike kwamba ameishi hapa miaka yote hii. Ofisi ya pasipoti ya wilaya itamtuma mtu. Atakuja nyumbani, ataangalia, atawauliza majirani.

"Hilo tu," akasema Nurdin. "Msifanye kitu chochote. Kaeni kama mnavyokaa."

Maskini, kijana wa mjini. Aliyasema hayo mbele ya Burul.

Burul ndiye mkuu wa wanawake wa mtaa wetu. Ana meno ya dhahabu juu na chini, na sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Katika maelezo yote ya sheria, Burul alisikia neno moja: mgeni anakuja. Mgeni kutoka wilayani! Atakaa wapi, kwa Mastura? Kwenye kile kigoda? Atanywa nini, chai ya lile birika lililoungua? Aibu isingekuwa ya Mastura peke yake, ingekuwa ya mtaa mzima. Kwetu sisi mtu anaweza kufa njaa kimyakimya, hakuna neno, lakini mgeni akikuta sakafu tupu, hata wajukuu wako watachekwa.

Siku yenyewe, tangu asubuhi, niliona msafara. Zulia la sufu la Burul lenye pembe nyekundu. Sanduku la mahari la mkwe wake, na juu yake mrundo wa mifarishi ya hariri hadi karibu na dari, kama nyumba yenye mabinti saba wa kuozwa. Samovari, lile birika kubwa la chai la jirani yetu Asanaly. Kabati la kina Asanaly, zima zima, wanaume wanne wamelibeba kama jeneza. Picha ya ukutani. Vyombo vya udongo wa China. Mbwa, eti kwa sababu nyumba yenye heshima ina mbwa. Na vitu vyake mwenyewe Mastura, kigoda, birika, kitanda chenye mguu wa tofali, makopo yake yote, vikatupwa zizini nyuma ya majani makavu ili visiuaibishe mtaa.

Mastura alisimama mlangoni akipishana na mali za watu. "Dada Burul, inatosha," alikuwa anasema. "Dada Burul, sasa mimi nitapita wapi?"

"Pita pembeni. Wewe leo ni tajiri."

Halafu Burul akaja langoni kwangu, ameshika kiuno.

"Zuura."

"Labeka, mheshimiwa."

"Leo wewe huna mdomo. Umenisikia? Kaa ndani kwako. Mwenzio akikosa karatasi kwa ajili ya ulimi wako, mimi nitakuzika mwenyewe, na matangani kwako samovari sitaleta."

"Mimi nina shida gani na karatasi yake? Akapewe hata ya Marekani."

"Apa kwamba hutasema kitu."

Nikaapa. Niliumia, nasema kweli. Mtaa mzima, hata yule mlevi Kubat aliyevuliwa matope na kuvalishwa koti, wote wamealikwa kushuhudia, isipokuwa mimi ninayemjua Mastura kuliko mama mzazi. Nikachukua beseni la viazi na kisu, nikaenda kukaa kando ya mfereji, upande wangu wa ua, chini ya dirisha lake. Kumenya viazi si kusema kitu.

Afisa akafika na gari la kijivu, yeye na Nurdin. Bi Klara Toktosunovna: mwanamke mfupi, viatu vya kazi, macho ya kupekua. Wakamkaribisha kwa maandazi ya borsok na asali, akasema asante, akabaki amesimama. Wakamwambia kondoo ameshachinjwa, akasema amekuja kazini. Nikasikia anazunguka chumbani. Zulia la Burul ni zito, halina mlio, lakini viatu vyake nilivisikia kila vilipotoka nje ya zulia.

"Mama, unaishi hapa peke yako?"

"Peke yangu," akasema Mastura.

"Na mifarishi hii yote unajifunika wewe?"

"Anapenda wageni!" Burul akadakia.

"Sijakuuliza wewe. Na huyu pichani?"

Niliijua picha. Ni babu yake Asanaly, ana masharubu ya kuning'inizia nguo.

"Huyo... ni mzee," akasema Mastura.

"Mzee wako?"

"Mzee wa mtaa."

Nilijing'ata kidole. Nurdin akakohoa, akaomba chai imiminwe. Wakakaa. Na pale ndipo Bi Klara alipoomba kitu kidogo kabisa ambacho mgeni anaweza kuomba. Alisema yeye chai yake huitia chumvi.

Mastura akainuka. Mkono wake, nina hakika, ulikwenda kwenye rafu kushoto kwa jiko, mahali ulipozoea kwenda miaka yote, na haukukuta rafu, ulikuta kabati la kina Asanaly. Akafungua mlango wa kwanza, walivyonisimulia baadaye: ikadondoka suruali. Akafungua wa pili: glasi yenye meno ya bandia ya mzee Asanaly, ambaye tangu asubuhi alikuwa nyumbani anafyonza mkate. Akafungua droo, kisha nyingine. Nilimsikia anahema.

"Chumvi ya nyumba hii iko wapi, mama?" akauliza Bi Klara, taratibu.

"Sijui," akasema Mastura.

Hapo Burul, badala ya kunyamaza, akaamuru mashahidi waanze. Walikuwa wamejifunza maneno usiku kucha. Mmoja baada ya mwingine wakamvika Mastura kilemba cha ukoka. Mastura ni asali. Mastura hajawahi kunyanyua sauti. Mastura ni malaika wa mtaa huu, hana neno na mtu. Kubat mlevi naye akasema Mastura ni malaika, na kwamba alimwona akiruka, wakamkalisha.

Bi Klara aliwasikiliza wote. Kisha akafunga begi lake, zipu nikaisikia mpaka kwenye viazi vyangu.

"Mimi nimezaliwa kijijini," akasema. "Nimeishi na majirani maisha yangu yote. Mtu ambaye majirani wote wanamsifu, ama ameshakufa au hajawahi kuwepo. Mwezi uliopita, kijiji kingine, walinikodia nyumba na mbuzi. Walikodi mpaka babu. Ninyi mmefanya vizuri kidogo, mmekodi na mbwa."

"Bi Klara, nakuomba," Nurdin akaanza.

"Kijana, nyumba hii ina vitu vya familia tano, na hakuna hata kimoja anachokijua yeye. Njia ya mwongo ni fupi. Sijui mama huyu anaishi wapi, lakini hapa haishi."

Ndipo Mastura akasema. Hakupaza sauti, na mimi nilizoea kumsikia anapaza, kwa hiyo sikuitambua kwanza.

"Mama yangu ana miaka tisini. Haoni. Mimi sitaki kitu kingine chochote cha serikali. Nataka kwenda kumshika mkono, halafu nirudi."

"Urudi wapi, mama?" akasema Bi Klara. Hakusema kwa ubaya. "Mbona hujui hata chumvi yako iliko?"

Kisu kikanitoka mkononi. Nilimwona Mastura kichwani mwangu anarudi chini ya mtofaa Ijumaa, na kule ng'ambo yule bibi kizee anauliza tena, na safari hii hana hata "nikipata" ya kumjibu. Lakini nilikuwa nimeapa, na nilijikaza kisabuni. Pengine ningebaki pale pale. Burul ndiye aliyeharibu, alipomng'ang'ania afisa mlangoni akilia machozi ya kweli:

"Mama, usiondoke! Tunampenda sote! Uliza nyumba hadi nyumba! Hana adui hata mmoja mtaa huu!"

Hana adui?

Na mimi je? Miaka yote ile! Mawe niliyotupa, mabati niliyopinda, usingizi niliokosa nikitunga matusi ya asubuhi, yote Burul aliyafuta kwa sentensi moja kama mtu anayefuta makombo mezani. Nimevumilia mengi katika maisha haya. Hilo lilinishinda.

Nikavuka mfereji na buti zangu, nikapita kwenye tundu la ua, na jembe mkononi kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, nikaingia mpaka katikati ya zulia la Burul. Matope yalikwenda pande zote.

"Malaika?" nikasema. "Nani malaika? Huyu?"

"Zuura, nitakuua," akasema Burul.

"Niue baadaye! Mama afisa, andika. Naitwa Zuurakan, nakaa hapo chini. Huyu mwanamke ni mwizi wa maji. Alianza wizi mwaka aliofika. Kaburi la mumewe udongo haujakauka, yeye yuko mferejini anainua bati kwa zamu yangu!"

Mastura alikuwa ameinama. Nikaona shingo yake inapanda rangi, kutoka chini kwenda juu, kama ninavyoijua.

"Viazi vyangu vilikuwa vinakufa!" akasema. "Ulitaka nile nini, udongo wa kaburi?"

"Ungeomba!"

"Niliomba! Ulinimwagia maji ya vyombo!"

"Kwa sababu ulimpiga jogoo wangu na kiatu!"

"Jogoo wako anawika usiku wa manane, hana akili, kama mwenyewe! Na ndama wangu je? Nani alimfunga ndama wangu siku mbili kama mfungwa?"

"Alikula kabichi zangu! Na nilimlisha vizuri!"

"Ulimlisha nini? Alirudi mbavu nje, unaweza kupigia ngoma!"

"Ndama wako alizaliwa hivyo, amemfuata mwenye mali!"

Sasa alikuwa ananyanyua sauti kama Mungu alivyokusudia. Hatukumwona tena afisa wala wanawake wa mtaa. Alinitajia mwaka wa theluji kubwa, nilipomtupia theluji ya paa langu uani kwake. Nikamtajia harusi ya mwanangu, alipomwita mwimbaji wetu punda, mbele ya wakwe. Akasema alikuwa punda kweli, na mtaa mzima ulisema hivyo hivyo. Na hapo wanawake wakasahau malaika wao. Mmoja akasema, ndiyo, yule mwimbaji alikuwa balaa. Mwingine akasema hapana, tatizo lilikuwa kipaza sauti. Wa tatu akakumbusha kwamba kwenye suala la ndama Zuura alizidisha. Na Kubat akasema yeye ndiye aliyemfungulia ndama kamba, akiwa mzima kabisa, siku hiyo hajanywa. Hilo hakuna aliyeliamini.

"Na kila Ijumaa!" nikapiga kelele. "Kila Ijumaa anakuja chini ya mtofaa wangu na simu yake, kuku wangu hawatagi! Mvua inanyesha, yupo. Theluji hadi magotini, yupo!"

"Anasema nini?" Bi Klara akauliza. Alikuwa amekaa tena, sijui saa ngapi.

"Anasema nini? Maneno yale yale. Mama yake anauliza, unakuja lini? Yeye anasema, nikipata karatasi, mama. Halafu analia, halafu ananitukana. Naijua yote, nimeshaisikia mpaka naiota. Mwanzoni yule mama alikuwa anauliza habari za mvua na mifugo. Siku hizi hana pumzi, anauliza hilo moja tu."

Mastura alinitazama, mimi nikatazama matope yangu kwenye zulia.

"Na chumvi," nikasema, maana kimya kile sikukipenda, "chumvi yake iko kwenye kopo la chai lenye picha ya tembo. Huwa ipo hapo, palipo na hilo kabati la watu, kwenye rafu. Kopo lina kutu upande wa mkonga. Naliona kila siku kupitia dirisha hili. Hao wapumbavu wamelitupa zizini."

Nurdin akatoka mbio na viatu vyake vya mjini. Akarudi na majani kichwani na samadi miguuni, ameshika kopo. Tembo yupo, kutu ipo. Bi Klara akalifungua, akachota kwa ncha ya kijiko, akatia kwenye chai, akakoroga, akanywa mpaka chini. Kisha akafungua begi.

"Huo mgogoro wa maji," akasema, "nani mwenye haki?"

"Mimi!" tukasema wote wawili.

"Vizuri," akasema, na akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu, ananiuliza mimi, ananiuliza mimi tena, mwaka gani ndama, mwaka gani theluji, na kila nilipokosea Mastura alinirekebisha kwa hasira. Mwisho akataka saini ya shahidi. Wanawake wote wakajisogeza, Burul mbele kabisa. Bi Klara akanipa kalamu mimi.

Burul alinilipisha lile zulia kwa kunisusia hadi msimu wa mavuno. Yule kondoo walimla mbele yangu, na nikapewa shingo.

Pasipoti ilitoka majira ya machipuko. Nilimwona Mastura anashuka kwenye gari la Asanaly, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Alipita nyumbani kwake bila kuingia, akaja moja kwa moja uani. Nilijua anakuja kushukuru, nikajiandaa kumkatiza.

"Zuura. Unakumbuka ulikuwa unaniambia nini?"

"Nimekwambia mengi."

"Ulikuwa unaniambia, nenda kashtaki."

"Basi?"

"Nimetoka huko sasa hivi."

Wino wa pasipoti haujakauka! Hakwenda kwanza benki, hakwenda hospitali, hakwenda kwenye pensheni. Saini yake ya kwanza kama raia wa Kirgizia aliiweka kwenye mashtaka dhidi yangu. Nilimtukana mpaka sauti ikakauka, na yeye alisimama tu pale anacheka. Sikuwahi kumwona anacheka, ana pengo moja upande wa kulia.

Siku ya shauri tulikwenda barazani ndani ya gari moja, kwa kuwa Asanaly hafanyi safari mbili kwa ajili ya wapumbavu wawili. Tulikaa nyuma na gunia la unga katikati yetu. Nilikuwa nimevaa kilemba changu kizuri, na yeye amevaa chake. Mwenyekiti akataka kuona kitambulisho cha mlalamikaji. Mastura akaitoa pasipoti taratibu sana, akaiweka mezani, akaigeuza ili isomeke vizuri. Alirefusha jambo lile makusudi. Mwenyekiti alikuwa ameshamaliza kusoma, yeye bado anainyoosha.

Nikashindwa. Jumatano na Jumamosi, alfajiri hadi adhuhuri, maji ni ya Mastura, kisheria, kwa mhuri. Kurudi gunia lilikuwa limeshushwa sokoni, kwa hiyo hatukuwa na kitu katikati, na bado sikumsemesha.

Wiki iliyofuata akaja langoni amevaa koti la safari.

"Nakwenda," akasema.

"Nenda."

"Maji yangu ni Jumatano na Jumamosi."

"Nimesikia. Kijiji kizima kimesikia."

"Viazi vimeanza kutoa maua. Vikikosa maji sasa, basi."

"Sasa mimi nifanye nini? Nenda kashtaki."

Akacheka tena na lile pengo lake, akaondoka. Hakuaga, hakuomba. Kopo la tembo aliliacha juu ya nguzo ya ua, upande wangu, na ndani alikuwa ametia aprikoti kavu. Niliapa kwamba sitazila. Tamu sana.

Jumatano alfajiri nilikuwa mferejini na jembe. Kabichi zangu mwenyewe zilikuwa na kiu, nami nikainua bati lake lililopinda, lile nililolipinda kwa mguu wangu, nikayaacha maji yaliyokuwa yangu yaende kwenye viazi vyake. Burul alipita na ng'ombe wake akasimama kunitazama. Nikamwambia ni amri ya baraza, na mimi ni mtu wa sheria.

Ijumaa ikafika. Nilikaa chini ya mtofaa, mahali pangu pa siku zote, na upande wa pili wa ua hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa kimya. Nilijiambia nafurahia utulivu. Wiki ya pili nikasikia kwamba mpakani kuna matata tena, magari yanarudishwa, na usiku ule sikulala, nikajisemea ni jogoo.

Ijumaa ya tatu nilikuwa shambani kwake na jembe, simu yangu ikaita mfukoni. Sikujua kwamba hata kule inashika, ukisimama kwenye matuta ya mwisho.

"Umefungua maji?" Hata salamu hakuna.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Ananishika uso kutwa nzima, anasema nimezeeka." Nyuma yake nikaisikia ile sauti ya kiziwi niliyoijua kuliko sauti za ndugu zangu: "Ni nani huyo? Ni yule mwovu wa ua?" Na Mastura akamjibu, "Ndiye, mama." Bibi kizee akasema kitu, wakacheka wote wawili, na nilitaka kukasirika.

"Zuura, uko hapo?"

Nilikuwa na tusi tayari, zuri, la wiki nzima. Nikafungua kinywa kulitoa.

"Unakuja lini?" nikasema.

Kule nyuma yule mama akaacha kucheka, sijui kama alisikia.

"Nina karatasi, Zuura," akasema Mastura. "Mama akipata nguvu kidogo, narudi."

"Basi fanya haraka," nikamwambia. "Viazi vyako vinakauka."

Nilikuwa nimesimama katikati ya hivyo viazi, na maji ya zamu yangu yamenifika kwenye vifundo.